Inamsubiri Nani? Kompyuta Inayochelewa Kuwaka Baada ya Kuongezewa Diski ya Pili

Kompyuta inayoanza kuchelewa kuwaka mara tu baada ya kuongezewa diski ya pili, mara nyingi haijapungukiwa nguvu yoyote. Prosesa ni ileile, kumbukumbu ni ileile, mfumo endeshi umekaa palepale kwenye SSD yake, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kilichoongezeka ni kifaa kimoja cha kuulizwa kama kipo kabla safari haijaendelea, na kifaa hicho ama kinachelewa kujibu, ama hakijibu kabisa. Kompyuta imekaa inasubiri. Nimeona watu wakifuta mfumo endeshi mzima na kuusimika upya, wakinunua kumbukumbu ya ziada, wakipakua programu zinazodai kusafisha kompyuta, na tatizo likabaki vilevile kwa sababu lilikuwa kwenye waya wa urefu wa shubiri mbili. Inaniuma kuona hivyo, maana hitilafu ya aina hii ina njia ya kuifuata hadi kwenye shina lake, na njia yenyewe haihitaji ufundi wa kutisha. Inahitaji saa, bisibisi na subira kidogo.

Diski iliyonisukuma kuandika haya ilitoka kwenye kompyuta ya zamani ya mezani. Ni ya inchi 3.5, ya mizunguko 7200 kwa dakika, imejaa picha na nyaraka za miaka mingi, na nilitaka iwe ghala tu ndani ya mashine mpya. Kabla haijaingia, skrini ya nywila ilikuwa inatokea hata sijakaa vizuri kitini. Ilipoingia, nembo ya mtengenezaji wa ubao mama ikawa inaganda kwenye skrini muda mrefu kiasi cha kunitia shaka kama mashine ni nzima, kisha ghafla Windows inafunguka kwa kasi yake ya kawaida kana kwamba hapakuwa na jambo. Faili zilifunguka bila shida. Picha zote zilikuwepo. Sasa diski isiyobeba hata faili moja ya mfumo endeshi inawezaje kuizuia mashine nzima mlangoni?

Jibu linaanzia kwenye mpangilio wa mambo. Ukibonyeza batani ya kuwashia, wa kwanza kuamka si Windows wala Linux. Ni fimuwea, programu ya msingi iliyo kwenye chipu ya ubao mama, ile ambayo wengi bado tunaiita BIOS ingawa kompyuta nyingi za sasa zinatumia UEFI. Hiyo ndiyo inayoandaa kumbukumbu, inayoiamsha kadi ya picha, kisha inazipitia poti za diski moja baada ya nyingine kuuliza nani yupo. Ni kama mwalimu anayeita mahudhurio: somo halianzi hadi orodha iishe, na mwanafunzi mmoja mzito wa kuitika hulisubirisha darasa zima. Fimuwea ikimaliza, inatafuta kianzishi cha mfumo endeshi na kukikabidhi usukani. Hapo kiini cha mfumo kinaingia, kinapakia draiva zake, kinaziuliza diski kwa mara ya pili kwa namna yake chenyewe, kinakagua mifumo ya faili, kinaanzisha huduma. Mwisho kabisa unaandika nywila yako, na programu zilizojipanga kujianzisha zenyewe zinaanza kugombania diski.

Kwa hiyo diski yako ya pili inaulizwa zaidi ya mara moja, na waulizaji ni tofauti. Inaweza kumchelewesha mmoja na kumjibu mwingine papo hapo. Ndiyo maana swali la kwanza ni moja tu: imekwama mahali gani? Anayeruka swali hili anapiga ramli.

Windows inakusaidia hapa kuliko wengi wanavyojua. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya Startup, utazame juu: kuna namba imeandikwa Last BIOS time. Hizo ni sekunde ambazo fimuwea ilitumia kabla ya kuikabidhi Windows kazi. Ikiwa imepanda sana tangu diski ilipoingia, usipoteze hata dakika moja kuzima huduma za Windows au kupunguza programu zinazojianzisha, kwa sababu wakati muda wako unaliwa Windows ilikuwa bado haijaamka. Ikiwa imebaki vilevile, fimuwea haina hatia na msako unahamia ndani. Mashine zinazowaka kwa mtindo wa zamani wa BIOS hazionyeshi namba hii. Kwa hizo, tumia saa ya mkononi, uangalie ni skrini gani inayoganda: ile ya nembo ya mtengenezaji, ile ya Windows yenye duara linalozunguka, au ile inayokuja baada ya nywila.

Kwenye Linux amri ni systemd-analyze, nayo inakugawia muda wote kwa hatua: fimuwea, kianzishi, kiini, kisha huduma. Ukiongeza neno blame, inakupangia huduma kuanzia iliyokula muda mwingi zaidi. Ukiandika critical-chain, inakuonyesha nani alikuwa anamsubiri nani. Mimi naamini zaidi hii ya mwisho, maana huduma inaweza kuonekana nzito kwenye orodha ya blame kumbe yenyewe ilikuwa imekaa inamngoja mwenzake.

Upo mtego mmoja katika kupima kwenye Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kiitwacho Fast Startup: ukizima kompyuta, kiini cha mfumo hakizimwi kabisa, kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa unapowasha tena. Ukichagua Restart, mzunguko unafanyika kamili. Mtu anayelinganisha kuwaka baada ya kuzima na kuwaka baada ya Restart analinganisha vitu viwili tofauti, na atapata majibu yanayomchanganya. Chagua njia moja, upime nayo kila mara.

Baada ya kupima, jaribio lenye ukweli mwingi kuliko mengine ni kuitoa ile diski. Zima mashine, chomoa umeme, toa kebo zote mbili za diski ya pili, uwashe. Kasi ikirudi, mshukiwa amethibitika. Kisha rudisha kebo ya umeme peke yake, ile ya data ikae nje: diski itazunguka lakini ubao mama hautaiona. Mashine ikiwaka vizuri hivyo, umeme unatosha, na tatizo liko kwenye mazungumzo kati ya diski na ubao mama. Hatua hii ndogo inakata msitu mkubwa wa dhana.

Lakini kabla ya kuchomoa chochote, ingia Disk Management uangalie ni diski ipi yenye patisheni (kipande cha diski) iliyoandikwa EFI System, au, kwa mashine za mtindo wa zamani, ile yenye neno System. Windows ikisimikwa wakati diski mbili zimechomekwa, inaweza kukiweka kianzishi chake kwenye ile ambayo wewe unaiita ya pili. Ukiichomoa, mashine haitawaka kabisa, na mtu asiyejua hili hudhani ameharibu kitu. Hakijaharibika kitu. Rudisha diski, na mashine itawaka kama awali.

Sasa tuingie kwenye fimuwea, maana hapa ndipo visa vingi vinapoishia, na ndipo mambo yanapovutia.

Diski ya sahani zinazozunguka ni mashine hasa: ina mota, ina sahani, ina mkono unaopita juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa macho. Umeme unapofika, mota inalazimika kuzivuta sahani kutoka kusimama hadi mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika, kisha mkono ujipange, kisha diski isome habari zake za ndani. Kazi hiyo inachukua sekunde kadhaa hata kwa diski nzima kabisa. Muda wote huo diski inaonyesha alama ya kuwa na shughuli, na fimuwea inaitazama alama hiyo na kungoja ifutike. SSD haina cha kuzungusha, kwa hiyo mtu aliyezoea mashine yenye SSD pekee ataona tofauti hata kama hakuna kilichoharibika. Sekunde chache za namna hiyo ni gharama halali ya diski ya mota. Nusu dakika si halali.

Waandishi wa kiini cha Linux walilijua jambo hili vizuri. Katika sehemu inayoshughulikia diski za SATA, zile zinazounganishwa na ubao mama kwa kebo nyembamba ya data, waliweka subira kwa awamu: sekunde 10 za kwanza kwa ajili ya diski nyingi, 10 nyingine kwa zile zilizochelewa, kisha 35 kwa zile nzito kupita kiasi, na mwisho 5. Jumlisha, unapata dakika nzima. Diski inayokataa kujibu kabisa inaweza kukupitisha awamu zote hizo, na ukiandika dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za kiini, utaona maneno COMRESET failed (jaribio la kuianzisha upya njia ya diski limeshindwa) yamejirudia, kila mstari na muda wake pembeni. Napenda sana kumbukumbu za aina hii. Zinakuambia sekunde ngapi zilipotea na kwenye poti namba ngapi.

Kwa nini diski nzima ichelewe kupita kiasi? Anza na umeme. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12, zaidi ya mara mbili ya inachotumia ikishashika kasi. Ikiwa pawa saplai imechoka, au umegawa laini moja kwa kebo za kugawanya umeme zenye viunganishi vilivyolegea, volti inashuka wakati huohuo mota inapohitaji nguvu, na diski inajaribu kuanza, inashindwa, inajaribu tena. Weka sikio karibu na kasha. Mlio unaopanda mfululizo na kutulia ni wa kawaida. Mlio unaopanda, ukakatika kwa kishindo kidogo, ukaanza upya, unakutaka uipe diski laini yake yenyewe kutoka kwenye pawa saplai. Zipo pia diski, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, zilizopangwa zisianze kuzunguka hadi zipewe amri, ili diski nyingi zisivute umeme kwa mkupuo. Ukiipata moja ya hizo ikiwa imetumika, itachelewa kwa makusudi.

Kisha kebo ya data. Kwa kiwango, kebo ya SATA ndani ya kasha haitakiwi kuzidi mita 1, na kichwa chake ni chepesi kulegea, hasa zile zisizo na klipu ya chuma. Habari zikifika zimeharibika, ubao mama na diski hurudia, na zikizidi kuharibika hukubaliana kushuka kasi: kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, hata 1.5. Ushahidi wa hili unahifadhiwa na diski yenyewe. Fungua CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux, utafute kipengele namba 199, kinachohesabu makosa ya usafirishaji. Namba hiyo hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo ukubwa wake peke yake hausemi mengi. Huenda ilipanda zamani kwenye mashine nyingine. Iandike, tumia kompyuta kwa muda, itazame tena. Ikiwa inapanda, badili kebo kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Kwangu mimi haikuwa kebo. Namba 199 ilibaki imetulia, kebo mpya haikubadili kitu, na umeme ulitosha. Ilikuwa poti. Ubao mama mwingi una poti za SATA zinazotoka kwenye chipu kuu, na pembeni una poti mbili au nne za ziada zinazotoka kwenye chipu ndogo ya mtengenezaji mwingine, zilizoongezwa ili idadi ya poti ionekane kubwa. Chipu hiyo ndogo mara nyingi ina programu yake fupi inayojiendesha wakati wa kuwaka, inayotafuta diski kwa kasi yake na subira yake. Poti zikiwa tupu, inapita haraka. Ukichomeka diski ya mota, inakaa inaisubiri, na fimuwea kuu haina la kufanya ila kungoja imalize. Kitabu cha ubao mama kilionyesha poti zipi ni zipi. Nilihamisha kebo kwenye poti ya chipu kuu, na nembo ikarudi kupita kama zamani. Kisha nikaingia BIOS na kuizima kabisa ile chipu ya ziada, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine kilichochomekwa humo, na sekunde nyingine zikapungua.

Unapofungua kitabu hicho, soma pia ukurasa unaohusu tundu la M.2, lile la SSD zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Kwenye bodi nyingi, ukiweka SSD ya M.2, poti fulani za SATA huzimwa kwa sababu zinagawana njia moja. Mtu anachomeka diski kwenye poti iliyozimwa na kuhangaika kutafuta kwa nini haionekani.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulifanya kwa nia njema. Diski ya zamani haionekani, au wanadhani haitaonekana, kwa hiyo wanaingia BIOS na kuwasha CSM, ule utaratibu wa kuifanya UEFI iigize BIOS ya zamani. Mara hiyo mashine inaanza kupakia vipande vya mtindo wa zamani kwa kila kifaa, mbinu nyingine za kuharakisha kuwaka zinazimwa, na muda unaongezeka. Ukweli ni kwamba Windows iliyowaka kwa UEFI inaisoma diski ya data ya mtindo wa MBR, ule utaratibu wa zamani wa kuigawa diski, bila matatizo. CSM inahitajika tu kama unataka mashine iwake kutoka kwenye diski hiyo. Kwa ghala la picha, izime. Mpaka mmoja wa MBR unaofaa kukumbukwa ni ukubwa: kwa sekta za kawaida za baiti 512, haivuki terabaiti 2 na ushei, kwa hiyo diski kubwa zaidi ya hapo iwe ya GPT, utaratibu mpya.

Na kama diski ilitoka kwenye kompyuta iliyokuwa na Windows yake, inakuja na kianzishi chake. Fimuwea inaweza kukiweka kwenye orodha ya kuwaka, wakati mwingine juu ya kile cha kweli. Nenda kwenye mpangilio wa kuwaka uhakikishe cha kwanza ni Windows Boot Manager cha SSD yako. Tazama pia kama inajitokeza skrini ya kuchagua kati ya Windows mbili: skrini hiyo kwa kawaida hungoja sekunde 30 kabla ya kujichagulia, na nimekutana na mtu aliyekuwa akiwasha kompyuta na kwenda kufanya shughuli nyingine, hajawahi hata kuiona. Andika msconfig, sehemu ya Boot, ufute ile ya zamani au upunguze sekunde.

Kwa wenye mashine za kebo pana za IDE, maneno mawili tu: angalia jampa, kile kipande kidogo kinachounganisha pini za nyuma ya diski. Diski mbili kwenye kebo moja zikiwa zote zimewekwa kuwa kuu, fimuwea itazitafuta hadi ichoke.

Tuhamie ndani. Ikiwa nembo inapita haraka lakini duara la Windows linazunguka bila kikomo, fungua Event Viewer, kwenye kumbukumbu za System, uangalie dakika ile ya kuwaka. Tukio namba 129 kutoka storahci, draiva ya SATA ya Windows, maana yake Windows ilituma ombi kwa diski, haikupata jibu, ikalazimika kuianzisha upya njia ya mawasiliano. Namba 153 maana yake ombi lilirudiwa. Namba 7 kutoka disk maana yake kuna sekta mbovu. Kwa kawaida Windows huipa diski sekunde 60 kujibu kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo ombi moja tu lililopotea linatosha kukufanya uamini kompyuta imeganda. Iko pia kumbukumbu nyingine ya Diagnostics-Performance, chini ya Microsoft na Windows, ambako tukio namba 100 linaandika muda wote wa kuwaka kwa milisekunde, na 101, 102 na 103 zinataja programu, draiva na huduma zilizochelewesha.

Sababu nyingine ya kawaida ni diski iliyotolewa kwenye mashine ya zamani bila kufungwa vizuri. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, huweka alama kwamba kazi haikumalizika, na Windows inapoikuta alama hiyo wakati wa kuwaka inataka kukagua. Amri fsutil dirty query D: itakujibu ndiyo au hapana. Ikijibu ndiyo, endesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, mwenyewe wakati una nafasi, lakini usome kwanza nitakayosema kuhusu diski zinazokufa.

Kwenye Linux, mkosaji mkubwa ni faili la /etc/fstab, linaloorodhesha patisheni za kufungua wakati wa kuwaka. Kila patisheni ina UUID yake, yaani namba ya utambulisho, na ukiifomati upya inapata nyingine. Faili likiendelea kutaja ile ya zamani, systemd itaisubiri patisheni isiyokuwepo kwa dakika 1 na sekunde 30, kisha ikuweke kwenye hali ya dharura. Linganisha yaliyomo na majibu ya amri blkid, urekebishe, na kwa diski ya ghala ongeza neno nofail, ili siku ikikosekana mashine iendelee bila yake. Tena yupo jamaa yake aliyejificha zaidi: kwenye Debian na Ubuntu, mfumo unaweza kuwa unaikumbuka patisheni ya swap, inayosaidia kumbukumbu, kwa ajili ya kuamka kutoka usingizi mzito. Ukisimika Linux ya pili kwenye diski mpya na ikaifomati swap ileile, UUID inabadilika, na ile ya kwanza inaanza kungoja karibu nusu dakika kila inapowaka. Rekebisha /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, kisha endesha update-initramfs -u. Nilipolipata hili kwenye kompyuta ya rafiki, nilifurahi kwa siku nzima, kwa sababu kila alichokuwa amekijaribu kabla yake kilikuwa cha busara, ila kilikuwa upande usiohusika.

Sasa hilo la diski zinazokufa, na hapa naomba usisome haraka.

Kuchelewa kuwaka kunaweza kuwa dalili ya kwanza, na pengine ya pekee, kwamba diski inaelekea mwisho. Diski ya kawaida ya mezani ikikutana na sekta isiyosomeka haisalimu amri mara moja; inarudi juu yake tena na tena, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika, ikijaribu kuokoa data. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao hujipa kikomo cha takriban sekunde 7, kwa kuwa zinatarajia kuna nakala kwenye diski nyingine. Yako ya zamani haina pa kuegemea. Tazama vipengele vitatu kwenye SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe: namba 5, sekta zilizokwisha kuhamishwa, namba 197, zinazosubiri uamuzi, na namba 198, zilizoshindikana kusomeka. Sifuri kwenye zote ni habari njema, ingawa haimaanishi kinga. Ikiwa 197 au 198 si sifuri, na hasa kama zinapanda, acha mengine yote.

Usiendeshe chkdsk. Usifomati. Usijaribu poti nyingine wala kuwasha na kuzima ili kupima sekunde. Kila kuzunguka kunaweza kuwa kwa mwisho. Nakili kwanza visivyo na mbadala: picha, nyaraka, kazi za watu. Ikiwa kunakili kwa kawaida kunaganda, GNU ddrescue kwenye Linux hupita kwanza kwenye maeneo yanayosomeka kwa urahisi na kuyaacha magumu kwa duru za baadaye, jambo ambalo chkdsk haifanyi, kwa kuwa kazi yake ni kunyoosha mfumo wa faili, hata ikibidi kutupa vipande. Picha za familia ya mtu zikiwa ndani, hakuna kasi ya kuwaka inayostahili kutangulizwa mbele yake.

Kuchelewa kunakokuja baada ya nywila, nitakupitisha haraka. Windows ikiwa imepangwa kutafuta hata kwenye diski hiyo, huanza kuzipanga faili zake kwenye faharasa ya utafutaji, na antivairasi nayo hutaka kuzipitia. Diski ya mizunguko 7200 inahitaji kwa wastani milisekunde 4.17 kungoja tu sahani ifike mahali pake, mbali na muda wa kuusogeza mkono, kwa hiyo programu mbili zikiichimba kwa pamoja inalemewa mara moja. Iache imalize, ama uiondoe kwenye faharasa kama huna haja ya kutafuta humo. Hakikisha pia hujahamishia faili la kumbukumbu pepe kwenye diski hiyo kwa nia ya kuipunguzia SSD kazi.

Wenye kompyuta za mapajani wanaoweka diski ya pili mahali pa CD, kwa kutumia fremu ya kubadilishia, wana mambo yao. Poti ile iliwekwa kwa ajili ya kisoma CD, na kwenye baadhi ya mashine ina kasi ndogo kuliko ya diski kuu, au fimuwea huendelea kutarajia CD na kungoja. Baadhi ya fremu zina swichi ndogo pembeni ya kubadili namna kifaa kinavyojitambulisha. Jaribu kila upande wa swichi kabla ya kulaumu diski. Na ikiwa moja ni SSD na nyingine ni ya mota, SSD ikae kwenye nafasi kuu, ya mota iende kwenye fremu.

Ukimaliza yote hayo, zitabaki sekunde chache za mota, na hizo zina namna mbili za kushughulikiwa. Kama diski ni ya kuhifadhi tu na unaigusa mara moja moja, iweke kwenye kasha la nje la USB, uichomeke unapoihitaji. Kama lazima ikae ndani, fahamu kwamba Windows kwa mpangilio wake wa kawaida huizima mota baada ya dakika 20 za kutotumika, na utakapofungua folda yake dirisha litaganda hadi sahani zirudi kwenye kasi. Mpangilio huo uko kwenye Power Options, chini ya Hard disk. Ukiandika sifuri mota haitazimwa. Kwa diski inayotumika mchana kutwa, ndivyo ninavyoiweka.